Karatasi Kwanza, Moyo Mwisho: Somo la Kununua Pikipiki ya Spoti Iliyotumika

Kila boom likitoka, magrupu ya chuo hujaa picha za vyombo. Katikati ya Boxer na TVS tulizozizoea hutokea moja ya kusimamisha roho: Yamaha R15 ya bluu, Ninja ya kijani, au CBR ambayo mwenye nayo akiiwasha Ng'ong'ona, walioko hosteli wanageuka. Maneno chini ya picha ni yaleyale: "Chombo kiko fiti, hakina kipengele, nauza kwa shida." Nusu saa haijaisha, kuna mtu ameshauliza namba ya kutuma hela ya kushikilia.

Makala hii ni ya huyo mtu, kabla hajatuma.

Manunuzi ya pikipiki ya spoti iliyotumika yana hatua nne: mtu, karatasi, chuma, halafu barabara. Mpangilio huo ndio somo lenyewe. Wengi tunaanzia mwisho. Muuzaji anasema, "Pandisha kaka, zungusha kidogo uone," unakwenda mpaka njia ya Iyumbu na kurudi, na ukishuka wewe si mnunuzi tena, umeshapenda. Kasoro yoyote utakayoonyeshwa baada ya hapo utaitetea kwa nguvu kuliko hata muuzaji. Kwa hiyo funguo za kujaribia ziwe kitu cha mwisho kushika.

1. Mtu: anayeuza ni nani?

Wanafunzi wa sheria wanaijua kanuni hii: huwezi kumpa mtu haki usiyokuwa nayo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imejengwa juu yake. Aliyekuuzia kama hakuwa mwenye mali wala hakutumwa na mwenye mali, ulichonunua ni hasara, hata kama ulilipa kwa nia njema na mbele ya marafiki kumi.

Hapa Dodoma jambo hili lina sura yake. Pikipiki nyingi mjini ziko "kwenye mkataba": bosi ananunua, kijana anapeleka hesabu kila siku au kila wiki, na muda ukiisha chombo kinakuwa chake. Kabla ya hapo, mali ni ya bosi. Nyingine zimewekwa rehani, kadi ikakaa kwa mkopeshaji huku pikipiki ikiendelea kutembea. Ndiyo maana mazungumzo ya namna hii yakuamshe:

"Kadi iko wapi, kaka?"

"Kadi ipo. Iko kwa bosi, ye hana shida kabisa."

"Basi twende kwa bosi."

"Aah, amesafiri. Wewe lipia tu, kadi nakuletea Jumatatu."

Hapo mazungumzo yameisha. Mwambie kwa upole kwamba hela nayo itakuja Jumatatu, pamoja na kadi na bosi mwenyewe.

Dalali si mtu mbaya. Anafanya kazi yake na anastahili kitu chake. Lakini dalali hauzi, anakutanisha. Mdai akukutanishe na mwenye jina kwenye kadi, uso kwa uso, na kitambulisho cha NIDA mkononi. Akianza kuzungusha maneno, shukuru, ondoka.

Hatari ya hatua hii ni zaidi ya kupoteza hela. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinahusu kupokea mali ya wizi. Mtu aliyepewa chombo cha mamilioni kwa bei ya kutupa, usiku, bila kadi, atapata taabu kueleza kwamba hakuwa na sababu ya kushuku. Utetezi wa "nilidhani ni bahati" ni mwembamba sana.

2. Karatasi: isome pikipiki kama unavyosoma kadi

Ukiwa na kadi mkononi, usiishie kuangalia jina. Kuna namba tatu za kulinganisha: namba ya usajili, ile inayoanza na MC, namba ya chasisi, na namba ya injini. Namba ya usajili iko kwenye kibao na kila mtu anaiona. Mbili zilizobaki zimegongwa kwenye chuma chenyewe. Kwenye pikipiki za spoti namba ya chasisi kwa kawaida iko shingoni, pale usukani unapoungana na fremu. Ya injini iko kwenye mwili wa injini kwa chini. Beba kitambaa na tochi ya simu, futa vumbi, soma tarakimu moja baada ya nyingine huku mwenzako akifuatisha kwenye kadi. Ukiona sehemu imesagwa, imepakwa rangi peke yake, au herufi zimepinda kuliko jirani zake, simamisha zoezi.

Namba ya chasisi pia inasimulia asili. Zile za herufi na tarakimu 17 zikianza na J chombo kimetoka Japani, zikianza na L kimetoka China, na zile za MA mpaka ME ni za India. Pikipiki iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi, kwa hiyo ufupi peke yake usikutishe, mradi ifanane na kadi. Lakini mtu akikwambia "hii ni Mjapani halisi" na namba inaanza na MD, mwache amalize hadithi yake, halafu uendelee na bei ya Mhindi.

Angalia na rangi ya kibao. Cha njano ni cha matumizi binafsi, cheupe ni cha biashara. Muuzaji akisema chombo kilikuwa cha kwendea darasani tu na kibao ni cheupe, muulize kilikuwa kinabeba nani.

Baada ya hapo kuna safari nne za kufanya kabla ya kulipa, na zote zinawezekana ndani ya siku moja au mbili. Nenda TRA ukahakikishe kwamba jina na namba za kwenye kadi ndizo zilizoko kwenye kumbukumbu zao. Nenda polisi, kikosi cha usalama barabarani, uulizie kama chombo kinatafutwa na kama kina faini zisizolipwa. Hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, kwa kuwa stika inaweza kung'aa na bima ikawa hewa. Mwisho nenda kwa wakili, muandikiane mkataba wa mauziano wenye majina kamili, namba zote tatu, bei, tarehe, saa ya kukabidhiana, na mashahidi wa pande zote mbili. Saa ina maana yake: chombo kikigonga mtu saa kumi jioni na wewe ulikipokea saa kumi na moja, karatasi ndiyo itakayosema.

Lipa kwa benki au kwa simu ili malipo yaache alama. Kisha mfunge safari pamoja kwenda kuhamisha umiliki. Hapa nawasemesha na wauzaji pia. Kuna wanaouza, wanakabidhi kadi yenye majina yao, wanaondoka wakicheka. Siku pikipiki hiyo ikitumika kupora simu ya mtu pale Nanenane, jina litakalotokea kwenye kumbukumbu ni la nani? Uhamisho unamlinda aliyeuza kama unavyomlinda aliyenunua.

Ukikutana na chombo kisicho na namba ya Tanzania, unachoambiwa "kimetoka bandarini juzi", dai nyaraka za forodha na uzipeleke TRA mwenyewe. Bila hizo, umenunua deni la ushuru lenye magurudumu mawili.

3. Chuma: uzuri wa mkakasi

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Pikipiki ya spoti ndiyo mkakasi wa barabarani. Boxer iko uchi, ukiiangalia unaona injini, waya na kutu yake. Ya spoti imevalishwa kava za plastiki, na kava moja jipya linaweza kuficha injini iliyofunguliwa mara tatu. Kwa hiyo tafuta fundi wako na umlipe mwenyewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji ni shahidi wa muuzaji.

Mfike asubuhi, na mwambie muuzaji mapema asiiwashe. Gusa injini. Ikiwa ya moto, mtu amekutangulia kuficha tabia yake ya kugoma asubuhi. Ikiwashwa ikiwa baridi, angalia eksozi. Moshi wa bluu usiokwisha maana yake oili inaungua ndani. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, wenye harufu ya utamutamu, ni maji ya rejeta yanaingia yasikotakiwa.

Kisha tafuta ajali. Kila pikipiki ya spoti huambiwa haijawahi kuanguka. Usibishane, angalia ncha: ncha za usukani, ncha za mkono wa klachi na wa breki, sehemu za kukanyagia, ubavu wa injini. Kikianguka chombo, hizo ndizo zinazogusa lami kwanza, na mara nyingi mtu hupaka rangi kava akasahau ncha. Angalia boliti za kava, kama vichwa vimelika basi zimefunguliwa mara nyingi. Halafu pindisha usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, uangalie vizuizi vyake kwenye fremu. Vikiwa vimebonyea, gurudumu la mbele liligonga kitu kwa nguvu. Fremu iliyochomelewa ni sababu ya kwenda nyumbani.

Simamisha chombo, mtu anyanyue mbele, wewe zungusha usukani polepole. Ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Kandamiza shokapu za mbele mara kadhaa: duara la oili kwenye bomba linalong'aa ni sili imepasuka. Vuta mnyororo pale nyuma kabisa ya sproketi, ukiachia nafasi kubwa umechoka. Meno ya sproketi yaliyochongoka na kulala upande mmoja yanataka kubadilishwa pamoja na mnyororo, kwa kuwa kizee kimoja humla kijana. Unene wa chini unaoruhusiwa wa diski ya breki kwa kawaida umeandikwa kwenye diski yenyewe. Upime.

Tairi lina cheti chake cha kuzaliwa. Tafuta neno DOT ubavuni na tarakimu nne za mwisho: 3118 ni wiki ya 31 ya mwaka 2018. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limekauka kama ngozi ya ngoma, hasa kwa jua hili la kwetu. Tairi kavu halishiki lami, na kwenye mwendo wa pikipiki ya spoti hilo ndilo suala la kufa na kupona.

Sasa mambo ya Dodoma. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na miezi inayobaki ni upepo na vumbi. Vumbi hilo huingia kwenye chujio la hewa, na likipita hapo linasaga ringi za pistoni taratibu kama msasa. Mwombe fundi afungue chujio. Likiwa jekundu kama udongo wa Makulu, mwenye chombo hakukitunza, hata kama kava zinang'aa. Angalia na rejeta, vimatundu vyake visiwe vimezibwa na udongo. Acha injini iungurume ikiwa imesimama mpaka feni ya rejeta iwake yenyewe. Isipowaka na kipimo cha joto kinapanda, zima. Ukishapona hapo, fundi apime betri: ikiwa imezimwa iwe karibu volti 12.6, na injini ikipandishwa mzunguko ifike kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya hapo haichaji, juu sana ya hapo inaunguza.

Kuhusu kilomita, usiziamini peke yake. Na kama chombo kilitoka Uingereza, huenda saa yake inasoma maili: 20,000 za pale ni zaidi ya kilomita 32,000.

4. Barabara

Sasa shika funguo, ukiwa na leseni na kofia ngumu. Kabla hujawasha, mkubaliane kwa maandishi nani atalipa chombo kikianguka mkononi mwako. Tafuta lami iliyonyooka isiyo na watu. Sikiliza kama kinavutia upande mmoja. Jaribu breki ya mbele na ya nyuma, moja moja. Pitia gia zote, na gia ya pili ikaze mafuta kidogo: pikipiki zilizofundishwa kusimama kwa tairi la nyuma mara nyingi huruka gia hiyo. Pita kwenye tuta pia. Yamaha R6 ina nafasi ya milimita 130 tu kati ya tumbo na ardhi, na mji wetu hauna uchache wa matuta.

5. Hesabu

Tuchukue mfano, tarakimu ni za kujifunzia. Una milioni 4.5 na muuzaji anataka milioni 4.5. Fundi amekuta matairi mawili ya kubadilisha (600,000), mnyororo na sproketi (200,000), betri (120,000) na pedi za breki (80,000). Hiyo ni milioni moja. Ongeza wakili, ada ya uhamisho, ushuru wa stempu na bima (250,000), halafu kofia nzuri na glavu (250,000). Pikipiki ya milioni 4.5 imekuwa ya milioni 6.

Kasoro za chombo unaweza kumkata muuzaji, kofia yako hamhusu. Ukimshusha kwa ile milioni moja, akakubali 3,500,000, bado jumla ni milioni 5. Unapungukiwa laki tano. Zitatoka wapi? Tunajuana: zitatoka kwenye kofia na matairi, yaani vitu viwili vinavyokutenganisha na lami. Kama hesabu imegoma hivyo, chombo hicho bado si chako. Rahisi ni ghali.

6. Inakufaa?

Boxer 150 ina nguvu za farasi kama 12. R6, ambayo injini yake ni cc 599, inapita 110. Tofauti hiyo haiko kwenye mwendo wa juu tu, iko kwenye mkono: kosa dogo la kukaza mafuta ambalo Boxer inakusamehe, R6 inakutupa. Leseni nazo zinatofautisha, pikipiki zaidi ya cc 125 zinataka daraja A kamili. Kama hujawahi kuendesha kitu kikubwa, jifunze kwanza kwenye chuo cha udereva, na uangalie zile za cc 150 mpaka 250. Zina umbo lilelile linalokuvutia, na zinakupa nafasi ya kukua.

Fikiria pia spea. Za Boxer unazipata kila kona, hata Bahi na Kibaigwa. Za CBR mara nyingi utaagiza Dar, na wakati mwingine nje. Chombo kinachosubiri spea mwezi mzima hakikupeleki darasani. Na barabara zetu zina wenyeji wake: ng'ombe wanaovuka jioni, mchanga unaotambaa pembezoni mwa lami, upepo wa ubavu wa mwezi wa nane. Barabara mpya ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, itakutamanisha. Ng'ombe wa Mgogo hajui kwamba umenunua spoti.

7. Ukinunua kwa mwenzako

Jambo la mwisho wengi hawalisemi. Vyombo vingi huuzwa chuoni wiki chache kabla ya UE, ada ikiwa haijatimia na jina linaelekea kukosekana kwenye orodha. Muuzaji wa namna hiyo ukimwambia bei yoyote atakubali. Kukata bei kwa kasoro za chombo ni biashara. Kukata bei kwa sababu umejua mwenzako analia usiku ni kitu kingine, na mtaendelea kukutana kwenye foleni ya kafeteria. Mpe bei ambayo hesabu ya fundi imeitoa. Na kama unaweza, mkubaliane kwa maandishi kwamba akipata fedha ndani ya muda fulani atakirudisha chombo chake kwa bei ileile.

Maswali ya kujipima

1. Mwenye jina kwenye kadi umemwona kwa macho yako, na kitambulisho chake umekisoma?
2. Namba ya chasisi umeisoma kwenye chuma, au umeisoma kwenye kadi tu?
3. Fundi aliyeikagua amelipwa na nani?
4. Matairi yamezaliwa wiki gani, mwaka gani?
5. Baada ya kulipa kila kitu, hela ya kofia ipo?
6. Muuzaji akikwambia "kuna mtu anakuja na cash saa hii, amua", utamjibu nini?

La sita lina jibu moja tu: mwache huyo mtu anunue.